Matandazo ya Mama Ndoo

Pale maktaba hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Ndoo, maana kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kumwona mikono mitupu: ndoo kushoto, ndoo kulia, na yeye katikati akichechemea kwa sababu ya goti. Kazi yake ilikuwa matuta saba ya mawaridi mbele ya mlango mkubwa. Udongo wa pale ulikuwa mchanga mtupu. Ukiumwagia maji asubuhi, adhuhuri umeshasahau. Kwa hiyo saa saba, wenzake wakienda kula na kupumzika, yeye alikuwa bombani nyuma ya jengo. Alishazoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana, ilimradi anafika.

Kilichomshinda kilikuwa nyumbani. Mama yake mzazi alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa pili sasa hajainuka kitandani. Jirani aliyekuwa akija mchana kumgeuza alihamia kwa binti yake, na mwezi haukuisha kidonda kikatokea kwenye nyonga ya bibi huyo, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Muuguzi hakuzungukazunguka. "Asipogeuzwa mchana, hiki kitafika mfupani," alisema. "Na kikifika mfupani, dada yangu, sitakudanganya." Kutoka maktaba hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Saa ile moja ya mapumziko ingemtosha kwenda, kumgeuza na kurudi, lakini saa ile ilikuwa mali ya mawaridi.

Akamwendea mkutubi mkuu, akamwambia kwamba udongo unakauka mno, unataka matandazo, yaani kitu cha kuufunika jua lisiunyonye. La mama hakulitaja. Alikuwa mtu wa kale, shida ya nyumbani haivuki kizingiti cha kazini.

Mkutubi mkuu, mwanamke asiyeweza kuipita meza bila kuipitishia kidole kutafuta vumbi, alifurahi kuombwa. Siku ya tatu likaja gari la kokoto nyeupe. Kipya kinyemi ingawa kidonda: tuta la kwanza liling'aa, wasomaji wakapigia picha hapo. Ikapita wiki. Mchana kokoto zilishika moto hata mkono hauwekeki, na mawaridi yakaanza kuungua pembeni. Tena majani ya miti ya kivuli yakidondoka humo, fagio halikufaa kitu. Ilimbidi apige goti bovu ayaokote moja moja. Aliomba apunguziwe mzigo, akaongezewa.

Fundi seremala wa jirani akamwonea huruma, akampa magunia matatu ya maranda. "Beba yote, Mama Ndoo, yananizibia mlango tu." Yalikuwa mepesi na yalinukia vizuri. Aliyatandaza, lakini alasiri upepo ukayachukua yote, ukayapandisha ngazi, ukayaingiza hadi kwenye meza za magazeti. Mama Ndoo alifagia mpaka jua linazama, akafika nyumbani hoi bin taabani.

"Umechelewa," mama yake alisema. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo, ila maneno yalitoka yamenyooka.

"Nilikuwa nafagia maranda, mama. Nimechoka. Sijui tena yale matuta niyafunike na nini."

Alimgeuza, akakisafisha kidonda. Kilikuwa kimepanuka.

"Hiyo miti yenu haipukutishi majani?" bibi aliuliza, uso ukielekea ukutani. Alikuwa amelima maisha yake yote kabla mwili haujamsaliti.

"Inapukutisha! Kila asubuhi nafagia gunia zima."

"Unayapeleka wapi?"

"Nyuma ya jengo. Nayachoma."

Bibi akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Ama kweli! Miaka kumi na tisa mwanangu anachoma blanketi, halafu analia baridi."

Mama Ndoo hakucheka. Aliona haya, na haya ilipopungua akaona hasira, akifikiria ndoo zote zile. Lakini angejuaje? Mfagiaji hupimwa kwa jani alilolisahau, na yeye hakuwahi kusahau hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake pale maktaba, na hakuwa na nyingine.

Kesho yake hakuwasha moto. Aliyabeba majani hadi kwenye matuta sita yasiyo na kokoto, akayatandaza unene wa kiganja, akayalowesha na kuyakandamiza ili upepo usipate pa kushika. Akafanya hivyo siku nne. Siku ya tano mkutubi mkuu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mama Ndoo, siku hizi hufagii?"

Neno hilo lilimchoma. Miaka kumi na tisa hajawahi kuambiwa hivyo.

"Nafagia, bosi. Tia kidole hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Chini ya majani."

Mkutubi mkuu akainama, akakitia kidole chake safi. Udongo ulikuwa baridi, una unyevu, na ilikuwa inakaribia saa saba. Mama Ndoo akamwonyesha tuta la kokoto. Huko kidole hakikukaa.

"Mbona inaonekana kama uchafu lakini?"

Basi tena, uchovu ukamfungua kinywa. "Bosi, mama yangu ana kidonda. Asipogeuzwa mchana atanifia. Haya majani yakikaa, sina haja ya kumwagilia saa saba, naweza kwenda nikarudi. Yakiondolewa, siwezi. Sina lingine."

Mkutubi mkuu alikipangusa kidole kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Sikujua nianzie wapi."

"Haya. Lakini kingo za matuta ziwe zimenyooka. Jani moja lisitoke nje ya mstari."

"Halitatoka, bosi."

Saa saba na dakika ishirini aliufungua mlango wa nyumbani. Mama yake akashtuka, akadhani amefukuzwa kazi. Alipoelezwa alisema "Eee" tu, akafumba macho ageuzwe. Mama Ndoo akamgeuza, akauweka mto mgongoni, akakaa ukingoni mwa kitanda apumzishe goti mara moja. Hata viatu hakuvua. Usingizi ukamwangusha ubavuni mwa mama yake.

Bibi akausogeza mkono wake mmoja mzima, akaivuta shuka kidogo kidogo mpaka ikamfika bintiye begani. Kisha akageuza macho kwenye saa ya ukutani. Miaka miwili hakuna aliyemtegemea kwa lolote. Zilibaki dakika kumi za kumwacha alale, naye alizihesabu zote, hakupepesa.