Maji Yasiyo na Klori

Chujio la akwariamu yetu lilianza kukoroma wiki ambayo umeme ulikuwa ukija na kukatika ovyo. Mota ilikuwa inakufa. Mfanyabiashara mmoja aliniletea chujio jipya kutoka Kigoma, ng'ambo ya ziwa, bado limefungwa plastiki, jeupe, safi kabisa. Usafi huo ndio ulionitisha.

Maji ya samaki hayasafishwi na mota peke yake. Ndani ya sponji kuukuu huishi vijidudu visivyoonekana, navyo ndivyo vinavyokula sumu ya uchafu wa samaki. Chujio jipya halina hata kimoja. Ilinibidi nitoe sponji za zamani, nizisuuze kidogo bila kuua kilichomo, kisha nizipachike katika chujio jipya kabla hazijakauka.

Ningependa kusubiri, lakini jike alikuwa amebeba watoto mdomoni. Samaki hawa wa miambani ndivyo wanavyolea: mama hali kitu, koo limevimba, anajificha kivulini. Akishtuka, huwatema kabla hawajakomaa au huwameza. Na huyo alikuwa jike pekee tuliyebaki naye. Mvuvi aliyeniletea alikuwa ameniambia kwamba kwenye ile miamba nyavu zimeshakomba wote.

Kwa kawaida sponji husuuzwa kwa maji ya akwariamu yenyewe. Mimi niliogopa kuingiza ndoo karibu na jike. Nikamwomba mke wangu alete bidoni, yaani dumu moja la maji ya ziwa.

Aliitua barazani, nikamimina maji kwenye beseni. Nilizima chujio la zamani, nikatoa sponji mbili za kahawia, zenye utelezi. Ya kwanza niliizamisha nikaibinya. Ndipo harufu ikanifika puani, harufu ya wodi ya hospitali.

“Mama, haya maji umeyatoa wapi?” nilimuuliza mke wangu.

“Kwani ziwa ni ngapi, Papa?”

“Yananuka klori.”

“Ni yule mama wa klori pale ufukweni njo ametia. Anatiaka kila bidoni. Ulitaka tukunywe kolera?”

Katika mtaa wetu tumezika watu kwa kolera, na hakuna anayepanda kutoka ufukweni kabla yule mama hajamtilia klori kwa bomba la sindano. Nimeyanywa maji hayo hadi nimeacha kusikia ladha yake.

Lakini klori huua vijidudu vyote, vibaya na vizuri; sponji ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ya pili nilikuwa nimeishika, bado haijasuuzwa, ikidondosha maji.

“Rudi, Mama, tafadhali. Mwambie asitie klori, ni ya samaki.”

“Atanicheka!”

Alichukua bidoni akaenda, na mimi nikabaki nikiangalia kioo. Bila chujio maji yalikuwa yametulia mno. Madume walianza kupanda juu, midomo ikigusa hewa. Niliogopa kuiweka sponji chafu, na niliogopa zaidi kungoja. Nikaipachika hivyohivyo na tope lake katika chujio jipya, nikawasha.

Wingu la kahawia likatoka na kujaza akwariamu yote. Jike akapotea machoni. Nilisogeza uso hadi kwenye kioo, sikuona hata jiwe lake.

Mke wangu alirudi akihema, kitambaa chekundu kimefungwa shingoni mwa bidoni.

“Amecheka mpaka bomba limemuponyoka! ‘Samaki nabo wanaharisha?’ Halafu akafunga hiki kitambaa, watu wajue hayana klori. Amesema mutoto yeyote akikunywa humu, atakuja kunikamata mimi.”

Tulinusa maji wote wawili. Nilipunguza yale machafu kwa mpira mwembamba, naye akaongeza masafi kikombe kwa kikombe, akiyamimina taratibu kwenye ukingo. Wingu lilipopungua tuliona jiwe, kisha mkia, kisha kichwa. Koo lilikuwa bado limevimba.

“Haya, pumua basi,” akasema.

Sikuweza. Nusu ya vijidudu vyetu ilikuwa imekufa ndani ya beseni, na sumu ya uchafu wa samaki haina rangi. Tangu hapo, kila nilipoamka nilikwenda kwenye kioo kabla ya kunawa uso. Nilipunguza chakula cha madume. Nilimkataza kila mgeni kusogea.

Asubuhi moja niliwakuta watoto nje ya mdomo, wadogo kama punje za mtama, wakielea mbele ya uso wa mama yao. Niliinama niwaone vizuri. Kivuli changu kikaanguka juu ya kioo, na wote wakakimbilia tena mdomoni mwake.