Besi ya Harusi ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Muleba, nikawakuta vijana wa matarumbeta wakipumzika kivulini. Vyombo vyao viling'aa hadi nikaona wivu. Nikamuuliza mmoja wanavisugua kwa kutumia nini.

"Hizi hazisuguliwi, mzee wangu," akacheka. "Zimekuja hivihivi."

Nikacheka naye, lakini moyo ulishafika Kishanda, uani kwa bibi.

Unajua, ndugu yangu, vyombo vya bendi ya parokia vilikuwa vinalala kwa bibi, maana stoo ya kanisa ilikuwa inavuja. Kila sikukuu ilipokaribia tulitandaza majani ya migomba uani, tukachovya vipande vya ndimu kwenye majivu laini, tukasugua. Kama ulikuwa na mchubuko kidoleni, ndimu ilikukumbusha. Shaba ilianza nyeusi kama sufuria ya maharage, mwishowe ukayaona meno yako ndani yake. Tukichoka, bibi alisema, "Mungu anasikia tu, lakini watu wanatazama."

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kuamkia harusi ya mama mdogo. Kaka yake, yaani mjomba, ndiye aliyepiga besi, lile tarumbeta kubwa la kukumbatia. Alikuwa anarudi nalo kutoka mazoezini kwa baiskeli, breki zikamkatalia mteremkoni. Yeye akaangukia kwenye kibanja cha watu, katikati ya migomba, besi ikaangukia jiwe. Alifika uani akichechemea, mdomo wa besi umebonyea kama kibuyu kilichokaliwa. Hakuna aliyemuuliza kama ameumia.

"Kesho watapiga bila besi," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Basi kesho sitoki hapa," mama mdogo akajibu.

Nywele zake zilikwisha kusukwa, na akina shangazi walikuwa wamemkataza kazi yoyote. Akakunja kitenge, akakaa chini, akaibana besi kwa magoti. Shangazi mmoja alipomgombeza, akamwambia taratibu, "Naolewa kesho, shangazi, waitu. Leo mikono hii bado ni ya hapa nyumbani."

Bibi akamwita jirani yetu, fundi baiskeli. Yule bwana akauviringishia mchi kipande cha blanketi, akausukuma kutokea ndani, polepole, kama anayepiga pasi. Mimi na dada tukashikilia upande wa pili. Kisha akaona kiungo kimoja kimeachia, akayeyusha risasi ya kulehemu kwenye jiko lililokuwa linangoja ndizi, akakiziba. Tulichelewa kula, na hakuna aliyenung'unika.

Mjomba akapuliza. Ilitoka pumzi tupu, yakafuata mate, halafu mlio uliotawanya kuku wote. Hapo ndipo mama mdogo alipolia, yeye ambaye wiki nzima hakuwa ametoa chozi.

Asubuhi tulimsindikiza kanisani, bendi ikituongoza. Besi ilikwaruza kidogo, kama mzee mwenye mafua, lakini haikukatika njia nzima. Bwana harusi alidhani ndiyo sauti yake ya siku zote.

Bibi alipofariki, vyombo vilihamishwa, na sijui vilikoishia. Mjomba hapulizi tena, meno ya mbele yameondoka. Mama mdogo yuko Rubafu, na wajukuu zake hawaamini kwamba alishinda mkesha wa harusi yake amekumbatia tarumbeta. Wananiuliza mimi kama ni kweli. Nawaambia ni kweli, nao wanamtazama upya bibi yao, ambaye anaendelea kumenya ndizi kana kwamba hasikii.