Tundu la Mama

Nikisikia harufu ya moshi wa kuni mbichi, mawazo yananirudisha kwenye nyumba yetu ya udongo, shambani kwa mzungu aliyewaajiri wazazi wangu. Hakuna aliyeweka dirisha huko, kwa kuogopa baridi. Mdogo wangu mchanga alikohoa usiku na mchana, mimi nikaacha shule nimbebe mgongoni, na baba, macho yakimuwasha, aligombana na kila mtu.

Asubuhi moja mama alichukua panga, akatoboa ukuta juu ya meko.

"Mama watoto, unakaribisha baridi!"

"Kwa baridi kuna blanketi, baba watoto. Kwa moshi kuna nini?"

Baba akacheka.

Kikohozi kikapungua, kikaisha. Ugomvi nao ukatoka na moshi kupitia tundu lile. Jumatatu moja nikarudi shuleni mbio, mgongo mwepesi, nikiimba njia nzima.