Mapovu ya angani, radi, na waya wa antena kwa mama mdogo Shighatini

Wakuu, za jioni. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Nasoma masters, nafuatilia ionosfia, lile tabaka la juu sana lenye chaji za umeme. Huku karibu na ikweta, jua likizama tabaka hilo huwa linachafuka, linafanya kama mapovu. Signal za satelaiti zikipita humo zinatetemeka, nyingine zinakatika. Ndiyo maana GPS inaweza kukudanganya usiku.

Nilifunga antena juu ya bati la mama mdogo, Shighatini, huko milimani Ugweno. Data nazipokea kwa mtandao nikiwa Same mjini.

Machi ni msimu wa mapovu. Nikiukosa, nasubiri hadi Septemba.

Basi ukaanza kwa kishindo: karibu kila jioni signal zinakatika! Nikamtumia supervisor graph kwa mbwembwe.

Akajibu: "Satelaiti zote kwa mpigo? Mapovu hukata moja moja. Nenda kaangalie waya."

Nikapanda mlima nimenuna.

Jioni wingu likatanda. Mama mdogo akafunika kioo cha kabati kwa khanga, akachomoa TV, kisha akachomoa waya wa antena yangu.

"Mama mdogo, hiyo ndiyo shule yangu!" Sauti ilinipanda.

"Mwanangu, baba yako mdogo alitoka kuingiza mbuzi tu, radi ikampiga pale mlangoni. Niache chuma kinaita radi juu ya bati langu?"

Msiba ule nilikuwepo. Na bado nilifunga antena bila kumuuliza, naye hakunikatalia. Niliona aibu, wakuu.

Nikasema kesho naing'oa.

"Iache. Kukiwa kweupe nitachomeka."

Kesho yake kukawa kweupe. Tukakaa na laptop mezani. Nje nyota zimetulia, hakuna hata wingu. Mara mstari wa satelaiti moja ukaanza kutetemeka, ukafuata wa nyingine.

"Mbona kumetulia?" akauliza.

"Huku chini, mama. Juu kumechafuka."

Akautazama ule mstari.

"Na hiyo inaua?"

"Haiui."

"Basi iache iendelee."

Thesis yangu itakuwa na mapengo, na kila pengo nimeandika sababu: radi, waya umechomolewa.

Nilichojifunza: kabla hujafunga kifaa kwenye nyumba ya mtu, muulize anaogopa nini. Hata kama ni mama yako.

Wenye uzoefu wa kukinga radi kwenye nyumba za bati, shusheni maarifa hapa.

Nitachelewa kuwajibu. Mama mdogo anapiga simu, na kutoka hapa Same naona wingu limekaa upande wa Ugweno. Namwambia achomoe.