Siku Nilipotembea Badala ya Kukimbia

Refa alimwonyesha kadi ya njano mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama.

Sikusimuliwa. Nilikuwepo. Tena mimi ndiye niliyekuwa na mkoba wa dawa begani nikienda kumhudumia, na nilikuwa natembea.

Ndiyo, natembea. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kunitukana, maana matusi utayahitaji zaidi huko mbele.

Mimi nilikuwa tabibu. Miaka saba nilifanya kazi na timu ya mpira ya ligi kuu. Wachezaji waliniita Dokta, ingawa udaktari wenyewe sikuusomea hadi mwisho. Kazi yangu ilikuwa kukanda misuli, kufunga bandeji, kupuliza ile dawa ya baridi na kuwagombeza vijana wasile hovyo. Niliipenda sana kazi ile.

Kisha akaja Kocha.

Sikatai, mpira alikuwa anaujua. Alitukuta tunashika mkia, msimu mmoja tu akatufikisha nafasi ya tatu. Ila alikuwa na imani yake: timu ndogo haishindi kwa miguu peke yake. Ukishapata bao, adui yako si wale kumi na mmoja tena, ni dakika zilizobaki.

Basi kila Alhamisi, baada ya mazoezi ya kawaida, tulikuwa na nusu saa ya kuanguka.

Sitanii. Watu wazima na ndevu zao wanapangwa mstari wanafundishwa kuanguka. Na mwalimu nilikuwa mimi.

Kocha aliniomba niwaeleze maumivu gani yanakula muda kiasi gani. Nikawaeleza. Kubanwa na msuli, sekunde arobaini. Kifundo cha mguu, dakika nzima. Kichwa ndiyo mali, kwa sababu hakuna refa wa kumharakisha mtu aliyeshika kichwa. Tulicheka sana siku hizo. Kulikuwa na winga mmoja akianguka anatoa machozi kabisa, tukawa tunamwambia amekosea kazi.

Shida ilikuwa moja. Mimi nikiwa benchi nitajuaje nani ameumia kweli na nani anakula muda?

Nikabuni ishara. Anayeigiza ashike soksi yake ya kushoto. Nikiona soksi imeshikwa, nainuka polepole, natafuta mkoba, nafunga kamba za viatu, natembea. Nisipoona mkono kwenye soksi, nakimbia.

Ishara ile ni yangu mwenyewe. Kocha alinipigia makofi mbele ya timu nzima, nami kichwa kikavimba.

Mtu mmoja tu aliikataa. Beki wetu wa kati, tuliyemwita Bawabu kwa sababu kumpita ilikuwa kazi.

Bawabu alikuwa mtu wa ajabu kwa mpira wa siku hizi. Kuna mechi refa aliamua mpira wa goli uwe wetu, yeye akamfuata na kumwambia, hapana, mimi ndiye niliyeugusa mwisho, ni kona yao. Kona ikapigwa, tukafungwa. Kocha akamweka benchi mechi tatu.

Nilimfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikamwuliza amepatwa na nini. Akasema mama yake huwa anamtazama kwenye runinga kila mechi, na yeye hawezi kumlaghai mtu mama yake akiwa anatazama. Nikamcheka. Nikamwambia mama wa watu hajui hata kona ni nini.

Alhamisi zile yeye alikaa pembeni akivua viatu.

Wiki ya mechi yenyewe, Kocha alimwita ofisini. Nilikuwa koridoni napanga chupa za maji, na mlango ulikuwa wazi, nikasikia kila kitu. Alimwambia Jumamosi tukiongoza mwishoni, yeye ndiye ataanguka, kwa sababu marefa wanamwamini. Akikataa atafute timu nyingine. Bawabu hakujibu. Alitoka akanipita bila salamu, na haikuwa kawaida yake.

Jumamosi ikafika. Tunaongoza moja bila. Dakika ya themanini na saba mpira uko upande wa kipa wao, Bawabu yuko peke yake karibu na eneo letu, hakuna aliyemgusa. Akapunguza mwendo. Akapiga magoti, kisha akalala chali.

Nikaangalia soksi.

Mikono yake ilikuwa imetawanyika, yote miwili, viganja juu. Hakuna mkono uliokuwa karibu na soksi.

Nikainuka nikimbie. Kocha akanidaka mkono wa shati.

"Taratibu, Dokta. Leo amekubali."

"Hajashika soksi."

"Amesahau. Huyu mazoezi hafanyi, atakumbuka wapi? Tembea."

Nikatembea.

Ningependa kuwaambia nililazimishwa. Hakuna aliyenilazimisha, shati langu alikuwa ameshaliachia. Nilitembea kwa sababu nilitaka tushinde, na kwa sababu moyoni nilifurahi kidogo kwamba hata Bawabu, na utakatifu wake wote, ameingia kundini na sisi.

Umbali ule ukikimbia hazifiki sekunde kumi na tano. Mimi niliutumia karibu dakika mbili. Nilisimama hata kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Uwanja unazomea. Refa, ambaye msimu mzima tulikuwa tumemchosha, akaja mbio akasimama juu yake, akamwamuru ainuke, akahesabu kidogo, akatoa kadi.

Aliyegundua ni mshambuliaji wao, jamaa mmoja mwenye upara. Alikuja kwa hasira amwinue kwa nguvu ili mechi iendelee. Akamshika makwapani, kichwa kikaanguka nyuma. Akaanza kunipungia mikono na kupiga kelele.

Nami, Mungu anisamehe, nilidhani analalamika tunapoteza muda. Nikapunguza mwendo zaidi.

Nilipofika nilimkuta amepiga magoti anamkandamiza Bawabu kifua. Anakandamiza vibaya, lakini anakandamiza. Huyo ni mpinzani wetu. Wenzetu walikuwa wamesimama pembeni wanakunywa maji, wakisubiri igizo liishe.

Bawabu hakufa siku ile. Moyo ulirudi ndani ya gari la wagonjwa, akili haikurudi. Alikaa macho wazi, hamjui mtu, hasemi, hatembei. Mwanaume aliyekuwa akiruka vichwa vya wengine vinabaki kiunoni kwake akawa wa kugeuzwa kitandani kama mtoto mchanga.

Mechi ilimaliziwa siku ya pili, zile dakika zilizobaki. Tulishinda moja bila.

Baada ya wiki mbili tukaitwa kwenye kamati ya ligi. Swali lao kubwa lilikuwa moja: kwa nini tabibu alitembea?

Kabla sijaingia, Kocha na msemaji wa klabu walinikalisha kwenye kiti cha plastiki nje ya ukumbi. Wakaniambia kamera zote zilikuwa zinafuata mpira, hakuna picha ya Bawabu akianguka wala ya mikono yake kabla refa hajamfikia. Kwa hiyo kilichotokea ni kile nitakachosema mimi. Nikisema ukweli, leseni yangu inakwenda, klabu inashushwa daraja, na wachezaji thelathini wanakosa kazi kwa ajili ya mtu ambaye hata hivyo haponi.

Nikapiga moyo konde, nikaingia, nikasema uongo.

Nilisema Bawabu aliniinulia dole gumba. Kwamba yuko sawa, nisiwe na haraka, anapoteza muda tu. Nikasema ni ujanja wake mwenyewe, timu haihusiki.

Kamati iliniamini papo hapo. Refa naye akaafiki haraka, maana maneno yangu yalimsafisha na ile kadi. Yule mwenye upara alipeleka maelezo kwamba mikono ilikuwa wazi, wakamjibu kwamba yeye ni wa timu pinzani, ana lake jambo.

Kufika jioni mtandao mzima ulikuwa umepata jina jipya. Bwana Dole Gumba. Watu walichora vibonzo vya mtu amelala huku dole liko juu. Wakaandika kwamba muongo amelipwa na uongo wake. Mtu pekee kwenye timu yetu ambaye hakuwahi kudanganya uwanjani ndiye aliyegeuka mfano wa kufundishia watoto wasidanganye.

Nikaona nijitakase. Kila Jumanne asubuhi nikawa naenda hospitali kumnyoosha viungo visikakamae. Mama yake alikuwa pale siku zote, mwanamke mwembamba, taulo begani, hakai. Nikimaliza kumnyoosha miguu alikuwa ananimiminia maji ninawe, ananishukuru. Shukrani zile zilikuwa zinanichoma kuliko matusi.

Mwezi wa tano tangu nianze kwenda, nikashindwa. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mguu wa Bawabu, mama anamfuta uso. Nikamwambia yote. Alhamisi, soksi, mkono wa shati, dole gumba. Nilikuwa nalia.

Hakugeuka. Alikamua kitambaa kwenye beseni, akakikunja.

"Najua," akasema.

Nikauachia mguu.

"Yule kijana mwenye upara alikuja wiki ya kwanza. Akapiga magoti hapo ulipo wewe. Aliniambia alivyomkuta mwanangu."

"Sasa mama, kwa nini umeniacha nije miezi yote hii?"

"Nilitaka nione kama utasema."

Nikamwambia kesho yake asubuhi naenda kamati kufuta maneno yangu, hata wakinifunga. Hapo ndipo alipogeuka. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningependa yangekuwa nayo.

"Kitanda hiki wanakilipia wao, klabu yenu," akasema. "Na dawa, na hii mashine. Nimetia sahihi kwamba hakuna neno litakalotoka upande wetu. Ukisema, watasema limetoka hapa. Wakimtoa, utampeleka wapi? Kwako?"

 Nyumba yangu ina vyumba viwili na watu sita.

"Uliweza kudanganya kwa ajili ya tumbo lako," akasema. "Sasa nyamaza kwa ajili ya mwanangu."

Akanipa taulo, akanionyesha mguu wa pili.

Nikanyamaza miezi minane. Kila Jumanne naenda, nanyoosha miguu ya mtu niliyemuua nusu, narudi. Wakati huo Kocha alihamia timu kubwa. Kwenye vijiwe watu bado wanainuliana dole gumba na kucheka, nami napita nimeinamisha kichwa.

Bawabu alifariki siku ya kazi, saa nne asubuhi, mama yake akiwa ameenda kubadilisha maji ya beseni.

Mazishini Kocha alisimama akazungumzia nidhamu. Alizungumza vizuri sana. Mwishoni akawasihi vijana wacheze kwa haki, na nikawaona watu wawili watatu wakitazamana chini chini, wanajizuia wasicheke. Mama aliwaona pia.

Kesho yake niliiandikia kamati barua. Kurasa nne, kwa mkono wangu, sikujificha popote. Niliomba mambo mawili: nihukumiwe, na jina la Bawabu lisafishwe.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Mistari minne.

Waliandika kwamba jalada limefungwa. Kwamba maelezo mapya yametolewa na shahidi ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, amewahi kuidanganya kamati. Shahidi wa aina hiyo haaminiki. Kwa hiyo maelezo ya kwanza ndiyo yatakayobaki.

Nilisoma mara nyingi nikidhani sijaelewa. Wananiita muongo, na kwa sababu mimi ni muongo, uongo wangu ndio unaobaki kuwa kweli. Ukweli wangu ndio wameutupa.

Nikampelekea mama barua ile nyumbani kwake. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja ilivyokuwa, akanirudishia. Nikamwambia nitaandika tena. Nitakwenda kwenye redio. Nitatafuta wakili.

"Usije tena, mwanangu," akasema. "Hakuna tena miguu ya kunyoosha."

Akafunga mlango, taratibu tu.

Redio nilikwenda. Wakauliza kama nina picha. Sina. Leseni niliirudisha mwenyewe, hakuna aliyeniuliza kwa nini. Sasa nauza viatu dukani kwa shemeji yangu. Juzi mteja mmoja alijaribu kiatu, kikamtosha, akaniinulia dole gumba huku akicheka: "Kama yule jamaa." Nikamfungia kiatu kwenye boksi, nikampa.

Nimeyaandika hapa kwa kuwa hapa hakuna kamati. Najua wengine watasema nimetunga, na sina namna ya kuwapinga.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimewafunga bandeji mamia waliojikwaa dole, wote walipona. Wewe unayecheza, unayefundisha, unayebeba mkoba kama nilivyobeba mimi: siku wakikukalisha kwenye kiti wakuombe useme uongo mdogo kwa faida ya wengi, kumbuka kwamba kuusema mtakuwa wengi. Kuurudisha utakuwa peke yako, na hutakuta mtu wa kuupokea.