Sauti ya Baba Neema

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya Chiwata, Mwalimu Mkuu alinikabidhi kwaya ya shule kabla hata sijatua begi. Hakuniuliza kama najua kuimba. Alisikia tu kwamba baba yangu alikuwa katekista, akaona yatosha. Ukweli ni kwamba sauti yangu ni ya kuitia kuku. Lakini chuoni nilifundishwa kusoma do-re-mi, na nilikuwa na uma wa sauti, kile chuma unachokigonga gotini kisha unakiweka sikioni upate mahali pa kuanzia. Kwa chuma hicho na ukali wangu nimelea kwaya hadi kustaafu. Sasa vijana wananijia kuniuliza kama wana kipaji, na swali hilo linaniudhi.

Baada ya vituo kadhaa nilihamishiwa Mkunya, huko juu Newala. Jumapili ya kwanza kanisani nikasikia teno, yaani sauti ya juu ya wanaume, nikasahau kufungua kitabu cha nyimbo. Alikuwa Baba Neema, mkulima wa korosho, hajui noti hata moja. Ukimwimbia wimbo mara moja, anaurudisha ukiwa mzuri kuliko ulivyompa. Nilimwonea wivu mchana kweupe.

Mwaka mmoja Afisa Utamaduni alikuja kutafuta mwimbishaji wa kikundi cha wilaya, kazi ya mshahara wa kila mwezi. Alimsikia Baba Neema mwezi wa tano, akampenda pale pale. Akamwambia aje Newala mjini mwezi wa kumi, aimbe mbele ya kamati, mambo yaishe.

Katikati ya miezi hiyo ndipo mikorosho inapochanua, na maua yasipopuliziwa salfa, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unayamaliza. Salfa ni unga wa njano. Unabeba mashine mgongoni alfajiri, upepo ukiwa umetulia, unaurusha unga juu ya mti, nao unakurudia usoni. Nilikwenda kumwomba Baba Neema apumzike msimu huo mmoja. Nilimkuta anajaza mashine, kipande cha kanga kimemfunika mdomo.

"Mwalimu, maua yakiharibika, Neema ataanza shule na nini?"

"Ukipata kazi utamsomesha kwa mshahara."

"Na nisipoipata?"

Mimi mshahara wangu ulikuwa unaingia, kwaya iimbe vizuri isiimbe.

Mwezi wa kumi nilimsindikiza. Alianza vizuri, chini chini. Alipofika pa kupanda, sauti ilipasuka, kikohozi kikamshika mpaka akainama. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Baadaye Afisa Utamaduni alinivuta kando.

"Mwalimu, si uliniambia huyu ana kipaji?"

Nikamjibu kwamba kipaji anacho, kifua ndicho hana. Kazi akapewa kijana mwenye sauti ya kawaida, na kusema haki anaifanya vizuri mpaka leo. Sauti ya Baba Neema haikurudi.

Mimi nilimalizia kazi Masasi mjini, nikapanga nyumba mtaa wa Mkomaindo. Siku ya kuniaga, Mratibu Elimu Kata alisema nilizaliwa na kipaji cha muziki, watu wakapiga makofi. Nilikaa pale nikitabasamu, roho inaniuma. Nilimjua mtu aliyezaliwa nacho, na siku hiyo alikuwa Mkunya anakohoa. Kilichonifikisha mimi pale ni chuo, mshahara na kifua kizima.

Neema amerithi sauti ya baba yake; nimeisikia tangu yuko darasa la kwanza. Baba yake aliniapia kwamba mtoto huyo hatagusa salfa kamwe. Mwezi wa saba mwaka huu nilipanda Mkunya kumjulia hali. Nilimkuta kitandani, kifua kinapiga mluzi. Nikamuuliza Neema yuko wapi, akageukia ukutani. Nikazunguka nyuma ya nyumba hadi shambani. Msichana alikuwa na mashine mgongoni, nywele na nyusi zote za njano. Aliponiona aliitua, akashusha kitambaa mdomoni, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, na sauti ilikwaruza.