Kijiji Kimoja, Ramani Moja

Mama Ramani, ndivyo tulivyomwita ofisini Kibiti tangu wafadhili walipoleta kompyuta na kuziunganisha. Kila asubuhi alipangusa kioo kwa pembe ya kanga, akafungua folda tunayochangia wote. Humo alikuta ofisa mmoja kaweka "Delta mpya", mwingine "Delta mpya kabisa", na ramani ya delta ni ile ile. Hakugomba. Alizilinganisha bila haraka, kisha akafuta moja, akiiambia "pole" kwa sauti ndogo. "Kijiji kimoja, ramani moja," alisema, na hata nakala za mkuu wetu hazikupona.

Siku moja nilimsaidia kusafisha folda ya vijiji vya kando ya mto. Kimoja kilikuwa na ramani mbili, ya kabla ya mafuriko na ya baada yake, kila nyumba ikiwa nukta nyekundu. Kwenye ile mpya, nukta za ukingoni hazikuwamo. Nikataka kufuta ya zamani. Akaushika mkono wangu juu ya kipanya.

"Hiyo iache, mwanangu."

"Si ulisema kijiji kimoja, ramani moja?"

"Nilisema." Akagusa nukta moja karibu na maji, kwenye ile ya zamani. "Lakini mimi nakaa hapa."